Kiwambo Kichwani pa Baba Mkwe

Niliolewa katika nyumba ya akina Kazama nikiwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa nane baada ya vita. Nilikuja na furushi moja la nguo na mtungi wa plamu za chumvi alizotengeneza mama yangu. Kwetu ni ng'ambo ya mlima, wanakochoma mkaa, na watu hulala wakizunguka moto kama paka. Shule nilisoma miaka minne, wa tano nikapelekwa kulea watoto wa watu. Nayasema haya mapema ili asije mtu akasema, huyu alikuwa mwanamke mzima, imekuwaje asijue. Sikujua. Kwetu hapakuwa na kiwambo, kile cha karatasi kinachokunjwa na kusimamishwa chumbani kuzuia upepo.

Akina Kazama zamani walikuwa watu wa mali. Walitengeneza mchuzi wa soya, na mapipa yao yalikuwa marefu hata mtu alipanda kwa ngazi. Nilipofika mimi mapipa yalikuwa matupu, panya wamezaa ndani yake, mashamba yamegawiwa waliokuwa wakiyalima. Kilichobaki ni nyumba kubwa ya baridi na ghala lenye kuta nene. Ndani ya ghala vitu vilikuwa vinapungua, leo bakuli, kesho upanga wa babu. Hata kiwambo chenyewe kilikuwa nusu. Viwambo vile huzaliwa pacha, kimoja cha kulia, kimoja cha kushoto, na cha kulia kilikuwa kimeondoka wakati wa vita kwa magunia mawili ya mchele.

Mume wangu Seigo alikuwa akiondoka baada ya mavuno kwenda kupika pombe ya mchele huko kusini, harudi mpaka theluji iyeyuke. Kwa hiyo wakati wa baridi tulibaki watatu: baba mkwe wangu Yohei, mama mkwe wangu Masu, na mimi. Mama Masu alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mchana aliona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu anayepita, basi. Lakini nyumba yake aliijua kwa miguu na mikono, na ukisogeza birika kidogo tu atakuuliza nani kaligusa.

Wazee wale walikuwa wakitaniana kutwa nzima. Mwanzoni niliogopa, nikidhani wanagombana.

"Masu, chai hii umeikoroga na kidole?"

"Na kidole cha mguu, mzee. Kunywa, isije ikapoa."

"Ndiyo maana ina ladha."

Baadaye nikaelewa kuwa ndivyo walivyopendana. Maneno mengine hawakuwa nayo.

Januari ile baba Yohei aliugua mapafu. Theluji ilikuwa imefika kwenye mapaa, tunatoka nyumbani kwa kupanda ngazi badala ya kushuka. Daktari alikuja siku saba na viatu vyake vya theluji, akamchoma sindano. Siku ya nane akamgongagonga kifuani, akasikiliza, akakunja mpira wake wa kusikilizia.

"Ameshavuka," alisema. "Sasa ni chakula na joto. Uji wa mchele, mayai, samaki mkipata. Na huo upepo wa mlangoni uzibwe, unapiga kama filimbi."

"Daktari," baba Yohei akasema kwa sauti ya kukwaruza, "tumbaku je?"

"Vuta, kama unataka nirudi kesho na mtu wa kuchimba kaburi."

Wakacheka wote watatu, hata mimi kule jikoni nilicheka. Daktari alikula figili mbili za kuchachuka, akaenda zake. Theluji ikaanza tena, na kwa siku nyingi hakuna mtu aliyeingia kwetu.

Jioni hiyohiyo, kabla hatujawasha taa, mama Masu aliniita. Baba Yohei alikuwa amelala nusu, dawa imemlegeza.

"Fusae, nenda ghalani ukalete kiwambo. Kile cha bata bukini. Kiweke kichwani pake kimzibie upepo."

Nilikwenda. Kilikuwa kimefungwa kitambaa cha pamba, kimekunjwa, vipande sita vimelaliana kama kurasa za daftari. Nilikibeba mgongoni kama nilivyobeba watoto wa watu. Chumbani nikakifungua polepole. Kilinifika kifuani. Vipande vile vimeshikanishwa kwa karatasi tu, hakuna chuma wala kamba, lakini vinakunjika mbele na nyuma bila kuacha upenyo hata wa sindano. Ubavuni kina fremu nyeusi inayong'aa, na kwenye pembe vyuma vidogo vilivyochorwa maua. Juu na chini ni sawasawa.

Uso wake ulikuwa dhahabu. Ile dhahabu hupigwa ikawa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, ikabandikwa miraba miraba, na ukitazama karibu unaona mistari miraba ilipopandana. Lakini kiwambo kile kilikuwa kimekaa miaka mia mbili karibu na moshi. Dhahabu ilikuwa imekuwa rangi ya chai. Ukungu uliochorwa ulikuwa juu, na ukungu ulikuwa chini. Mchoro mwingi ulikuwa umefifia, isipokuwa bata bukini kumi na mmoja, waliopakwa weupe wa kombe zilizosagwa, na mabua machache ya matete pembeni.

Niliwatazama wale ndege. Walikuwa wameelekeza vichwa chini, shingo zimenyooka, kama wanaanguka. Nikasema moyoni, nimekishika vibaya. Ndege huruka kichwa juu. Nikakigeuza. Sasa ndege wakawa wanapanda, na yale mabua yakawa yananing'inia kutoka juu kama matawi ya mti wa kando ya mto. Nikaona kimependeza. Nikakisimamisha kichwani pa baba mkwe, nusu duara, nikaweka mkono kati yake na mto. Upepo ulikuwa umekatika.

"Umeweka?" mama Masu akauliza.

"Nimeweka, mama."

Alinyoosha mkono akapapasa fremu, akatikisa kichwa kuwa ndiyo, akarudi kwenye meko.

Asubuhi nilipeleka uji na yai. Baba Yohei alikuwa ameamka, amelala chali, macho yamepinduka kukitazama kiwambo kilicho nyuma ya kichwa chake. Alikitazama muda mrefu. Nikadhani anafurahia ndege.

"Baba, uji."

"Uweke hapo."

Hakuugusa. Mchana mama Masu aliingia akijipapasa, akakaa pembeni yake. Mimi nilikuwa nafuta vumbi kizingitini. Nilisikia kila neno, na mpaka leo nayasikia.

"Masu."

"Nipo."

"Hiki kiwambo. Ni wazo lako?"

"La nani tena? Nani mwingine humu ndani anayekufikiria?"

"Wewe mwenyewe ulimwambia mtoto akiweke?"

"Mimi mwenyewe. Unataka nikuandikie barua?"

Akakitazama tena, kisha akasema, "Asante. Umefanya mapema kidogo, lakini asante."

"Mapema! Mtu anapigwa na upepo siku nane, eti mapema. Homa imekula akili yako. Kula uji."

"Nitakula baadaye."

Hakula. Siku ya pili alikunywa maji tu. Akaomba nimkate kucha na nimnyoe ndevu. Nilimnyoa, ngozi yake imelegea kama ya mtoto mchanga, na yeye ananitazama kwa upole mpaka nikaona haya. Siku ya tatu aliniambia nichukue kiko chake, nimpe Seigo atakaporudi, na nimwambie asiuze mlango wa ghala, kwa sababu mbao zake hazipatikani tena. Nilisema, "Baba, utampa mwenyewe," naye akatabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto akiongopa.

Mama Masu alianza kukasirika. Alimpikia mwenyewe, akaunguza vidole. Alileta yai, alileta samaki mkavu aliyekuwa amemficha kwa ajili ya mwaka mpya.

"Fungua mdomo, wee mzee. Usijidekeze."

"Kula wewe. Chakula ni kidogo, na wewe bado una safari."

"Safari gani? Mimi naenda wapi na macho haya?"

"Usinisukume, Masu. Naenda. Naenda kwa mwendo wangu."

Mama alitoka akakaa jikoni gizani. Akaniuliza, "Nimemsukuma wapi? Fusae, wewe una macho. Usoni pake kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, anaonekana ametulia. Na ni kweli, alikuwa ametulia. Ndilo lililokuwa baya.

Siku ya sita jua lilitoka. Mtu alipita juu ya theluji akipiga kelele kuwa bibi mzee wa nyumba ya Onozuka amefariki, wanawake waende kusaidia kupika. Mama Masu akanituma. Nilichukua aproni yangu nyeupe, nikaenda.

Nyumba ilijaa. Nilipewa kazi ya kumenya viazi pamoja na Okiyo, mwanamke wa jirani, mnene, mwenye maneno mengi. Tukaitwa tukatoe heshima kwa marehemu. Niliingia nyuma yake, nikapiga magoti. Bibi yule alikuwa amelazwa, kitambaa cheupe usoni, na kichwani pake kimesimamishwa kiwambo cha misonobari. Misonobari ile ilikuwa na mizizi angani.

Nikamvuta Okiyo mkono. "Dada," nikanong'ona, "wamekiweka juu chini."

"Nini?"

"Kiwambo. Wamekosea, kimepinduka."

Okiyo alinigeukia mdomo wazi. "Shh! Huko kwenu mlimani watu wanakufaje? Si ndivyo kinavyowekwa kwa maiti?"

"Kwetu hatuna viwambo. Kwetu tunageuza kimono, kile anachofunikwa maiti, upindo unakuja shingoni."

"Basi si ndiyo hiyohiyo? Mwenye kimono anageuza kimono, mwenye kiwambo anageuza kiwambo. Cha maiti kinageuzwa, cha mzima hakigeuzwi. Hata mtoto anayenyonya..." Akanitazama. "Mbona umekuwa mweupe hivyo? Unatarajia?"

Alidhani nina mimba. Nikasema naam, kichwa kinaniuma, naomba niende nyumbani. Akacheka akanipiga mgongoni, akasema nenda mwali, nenda, umlete mvulana.

Nilikimbia. Theluji inameza miguu mpaka magotini, naanguka, nainuka. Kitu kimoja tu kilikuwa kichwani mwangu: amelala siku sita na kiwambo cha maiti, na mkewe amemwambia kwa mdomo wake kuwa ni wazo lake.

Nilipofika, mama Masu alikuwa amesinzia kwenye meko. Baba Yohei amelala. Nikaingia kwa ncha za vidole, nikakunja kiwambo kipande kwa kipande, nikakigeuza, nikakifungua. Bata bukini wakawa tena vichwa chini. Sasa niliona wanachofanya. Walikuwa wanashuka kwenye matete, kulala.

Hapo ndipo ningesema. Ningekaa pale nimsubiri aamke, nimwambie. Sikusema. Ngoja nieleze kwa nini, ingawa si sababu nzuri. Nilikuwa sijaandikishwa bado. Siku zile mke hakuandikwa kwenye daftari la ukoo wa mumewe mpaka watu waridhike naye, wengine mpaka azae. Walikuwa wanaweza kunifungia furushi langu nikapanda mlima asubuhi moja. Na mtu aliyemwekea mzima kiwambo cha maiti, nani angemweka? Nikajiambia, kimegeuzwa, ataona kimegeuzwa, atakula, yataisha bila mtu kujua.

Aliamka jioni. Macho yake yakapanda yakakiona. Akaniona nami nimekaa pale.

"Mama yako amebadili nia?"

Nilifungua mdomo. "Sijui, baba," nikasema.

"Au kuna wageni wanakuja, ameona haya."

"Sijui, baba."

"Mwambie asihangaike. Mtu akishafunga mzigo hafungui."

Siku mbili nikawa na maneno yale kooni. Nilikuwa napika, nafagia theluji, namwagia mama Masu maji ya kunawa, na kila nikipita mlango wa chumba kile nasema, sasa hivi. Sasa hivi, nikimaliza kuosha sufuria. Sasa hivi, mama akienda chooni. Siku ya pili usiku homa ikarudi. Asubuhi nilipomtilia maji kinywani kwa kijiko yalitoka pembeni ya mdomo yakaingia sikioni.

Nikaweka kijiko chini. Nikaweka paji la uso kwenye mkeka, nikasema yote. Nilianza na ghala, nikamaliza na misonobari. Nikamwambia mama Masu haoni, alisema tu nikilete kikuzibie upepo, upepo ndio uliokuwa akilini mwake, hakuna kingine. Nikamwambia nimejua tangu juzi na nimenyamaza kwa kuogopa kurudishwa kwetu.

Nilisikia theluji ikiteleza kwenye paa, ikaanguka puu nje. Mwisho akasema:

"Kwa nini ulikigeuza?"

"Nilidhani ndege huruka kichwa juu, baba."

Sauti ikatoka kifuani mwake. Nilidhani anakata roho, nikainua kichwa. Alikuwa anacheka. Anacheka huku anakohoa, machozi yanamtoka.

"Wachoma mkaa nyie," akasema. "Hamjapata kuona bata bukini wakitua?"

"Kwetu hawatui, baba. Hupita juu."

"Hupita juu." Akafuta macho kwa kiganja. "Lete uji."

Nilikimbia nikaleta uji. Nilimwinua, akawa mwepesi kama furushi la majani. Kijiko cha kwanza kilipita. Cha pili kilikaa mdomoni muda mrefu, akakilazimisha. Cha tatu kikarudi chote, na cha nne hakukiweza. Tulijaribu tena mchana, tukajaribu maji ya mchele peke yake. Alitaka. Nataka hilo lijulikane, alitaka kula, alinishika mkono nisiondoe bakuli. Lakini mwili ulikuwa umeshafunga mlango.

"Fusae," akaniambia baadaye, kwa pumzi tu. "Mama yako usimwambie."

"Baba, ni lazima ajue ni mimi."

"Ukimwambia hatasema ni wewe. Namjua. Atasema, ni mimi niliyemtuma, ni mimi niliyesema ni wazo langu. Atalala nalo, ataamka nalo. Usimwambie."

"Ndiyo, baba."

"Sasa mwite."

Mama Masu alikuja, akakaa. Baba akatafuta mkono wake. Sikuwahi kuwaona wakishikana mikono, na mama naye alishtuka.

"Vipi, umelewa?"

"Masu. Kile kiwambo. Ulifanya vizuri kukileta."

"Ulisema mapema."

"Nilikuwa na homa. Ulifanya vizuri. Upepo haunifikii tena."

"Si nilikuambia," mama akasema, na sauti ikamkatika. "Si nilikuambia, wee mzee."

Alifariki kesho yake kabla ya saa sita mchana. Mama Masu alimfumba macho kwa vidole vyake, akakaa, kisha akasema, "Fusae, geuza kiwambo." Hapakuwa na mtu mwingine. Nilikikunja, nikakigeuza, nikakifungua.

Kijijini walisema mengi. Daktari aliyesema ameshavuka hakuelewa, akasema moyo labda. Wanawake walisema mkaza mwana wa Kazama hajui kupika uji, mzee amekufa kwa kukosa cha kumeza, na Okiyo ndiye aliyenifikishia akidhani ananisaidia. "Wasikilize, kisha uwapite," akaniambia. "Hata mama mkwe wako nimemsikia akisema uji wako una madonge." Niliukubali ule uji wenye madonge. Niliubeba miaka yote. Seigo aliporudi alinitazama mwezi mzima bila kuniambia neno, kisha akaniandikisha. Nadhani alinihurumia.

Miaka kumi na moja ikapita. Nikawa na watoto wawili. Mama Masu hakuona tena hata mwanga. Vitu vya ghala vilikwisha, kikabaki kiwambo, na vuli moja akaja mfanyabiashara wa vitu vya kale kutoka Kyoto, bwana mmoja mwembamba jina lake Nakagome, mwenye soksi nyeupe sana. Seigo alikuwa amemwita. Paa la nyumba lilikuwa limeoza.

Tulikisimamisha chumba cha mbele. Nakagome akapiga magoti mbele yake, akapumulia dhahabu kidogo, akaitazama pumzi inavyoondoka. Akapita nyuma, akapiga karatasi kwa kucha, akasikiliza kama daktari.

"Hawa ndege," akasema, "miaka mia mbili wanatua na bado hawajafika chini. Wavumilivu. Pacha wa kiwambo yuko wapi?"

"Alikwenda kutafuta mchele," Seigo akasema.

"Ah. Wengi walikwenda. Wangekuwa wawili ningewapa nyumba. Akiwa mmoja nawapa paa." Akataja bei. Ilikuwa paa kweli, na sakafu ya jikoni juu yake.

Seigo alinitazama. Mimi nilikuwa nimetazama chini, nasema kimoyomoyo, chukua, bwana, kichukue, kipeleke mbali, kipeleke hata ng'ambo ya bahari kwa watu wasiojua maana ya juu na chini yake.

"Mama," Seigo akasema, "umesikia?"

Mama Masu alikuwa amekaa pembeni na chai yake. "Nimesikia. Hakiuzwi."

"Mama, paa linavuja kichwani pako."

"Livuje. Seigo, wewe hukuwepo. Baba yako siku zile za mwisho alinikasirikia, sijui kwa nini. Alikataa kula kwa mkono wangu. Nimefikiri miaka kumi na moja na sijaona kosa langu. Lakini kitu kimoja nilimfanyia akakipenda. Nilimletea kiwambo hiki. Alinishika mkono akanishukuru. Sina kingine cha baba yako zaidi ya hicho." Akageuza uso upande niliokuwa. "Sivyo, Fusae? Wewe ulikuwepo."

Nakagome alikuwa ameacha kupapasa karatasi. Seigo ananitazama. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini sasa, jina langu limo kwenye daftari, watoto wangu wamo, hakuna ambaye angenifungia furushi. Ningeweza kusema. Ile hofu ya zamani haikuwepo tena. Kilichokuwepo ni uso wa mama Masu, umeinuliwa, unasubiri.

"Ndivyo, mama."

"Alisema nini? Mwambie mwanawe."

"Alisema ulifanya vizuri kukileta."

"Na?"

"Alisema upepo haumfikii tena."

"Umesikia?" mama akamwambia Seigo. Kisha akaniambia, "Rudia, Fusae. Mgeni hakusikia."

Nikarudia. Nakagome akainama, akakunja kiwambo mwenyewe kwa adabu, kipande kwa kipande, akavaa viatu vyake. Paa tulilifunika kwa mabati.

Mama Masu aliishi miaka sita mingine. Jioni za baridi, watoto wakishalala, aliniita nikae karibu naye nimpashe mikono, na akinyamaza kidogo nilijua kinachokuja. "Fusae, alisemaje vile?" Nami nilimwambia. Wakati mwingine aliniuliza mara mbili jioni moja, nami nilimwambia mara mbili.